Herufi Zilizoshikana

Kwenye basi la Pittsburgh asubuhi ile, mama aliyekaa mbele yangu alikuwa amesogeza pua hadi karibu aguse skrini ya kompyuta yake. Kijana wa pembeni, ambaye hakumjua kabisa, uzalendo ukamshinda. "Mama, si macho yako. Herufi ndizo zimelewa. Hebu niruhusu." "Macho yangu yana miaka sabini, usiyatetee," mama akajibu, ila akampa. Mimi hata simu yangu siwezi kumpa mtu hivyo.

Kijana akaandika mistari minne kwenye faili moja dogo la mipangilio ya herufi, akafunga programu zote, akazifungua tena. Barua, jedwali, kalenda, kote herufi zikasimama wima, zimekolea kama zilizochongwa kwa patasi. "Mistari minne tu!" mama akanong'ona, akipitisha kidole juu ya kioo taratibu, kama anayegusa uso wa mtoto mchanga. "Na hizi r na n zimeachana?" "Zilikuwa zinashikana, mama, ukiziangalia unaona m."

Mama akaondoa kidole kwenye kioo. Kisha akasema kazi yake ni kumwandalia majina mchonga mawe ya makaburi. "Jumatatu tulisimika jiwe la Vema Kowalczyk. Nikajiuliza, jina gani hili? Kumbe ni Verna." "Kosa la kompyuta hilo." "Kompyuta haichongi mawe, mwanangu." "Lakini mama..."

Basi likasimama kituoni kwangu. Nikashuka bila kumwambia kwamba, kwa lugha ya mama yangu, Verna amelala vema.