Tarehe Mbili za Kaka Yangu Cheche

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia hii, ambayo jana nusura familia igombane kwa sababu ya mstari wake mmoja, nikiufikia mtaujua.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Cheche, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akasoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha matofali hadi mwaka 1975, kisha akajifunza kuchomelea vyuma, kazi aliyoifanya miaka arobaini na tatu kwa mtungi wa gesi na mtungi wa oksijeni. Tarehe 6 Desemba 1986 alimuoa shemeji yangu huyu, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2009 aligundulika kuwa na kisukari, akaacha sukari kwenye chai lakini soda akawa anajificha nayo, eti hatumwoni. Moyo ulipoanza kumsumbua, alipasuliwa Jumanne ya tarehe 3 Juni 2025, moyo ukasimamishwa kwa makusudi saa nne na dakika kumi asubuhi, mashine ikasukuma damu badala yake kwa dakika themanini na tatu. Daktari alikuwa ametuonya kwamba hatari iko kwenye kuirudisha damu, maana oksijeni ile ile inayomwokoa mtu huuunguza moyo uliokaa bila damu, na mwili wenye kisukari hauna nguvu ya kujikinga. Kaka alicheka, akasema tabia ya oksijeni asifundishwe yeye.

Kweli moyo uliungua, akarudi nyumbani dhaifu, na tangu hapo hakusema "mimi" tena, alijiita marehemu. Aliomba chai akisema marehemu aliipenda ya moto, aliwauliza wanawe kama marehemu alikuwa mkali, na kioo cha kunyolea alikigeuza kikatazama ukuta. Daktari alisema ni uchovu wa ubongo, utapita. Kisha akaniapisha niandike kwamba alifariki tarehe 3 Juni, saa nne na dakika kumi, nami nikaapa.

Tarehe 14 Julai, saa mbili asubuhi, shemeji akimpangusa uso, kifua kilitulia. Jana nilipomsomea tarehe ya kaka, shemeji hakulia, aliniuliza tu, siku arobaini na moja amekuwa akimwosha nani, akimlisha nani, akilala kitanda kimoja na nani. Jibu la swali hilo silitaki. Kwa hiyo navunja kiapo mbele yenu, kaka yangu alifariki tarehe 14 Julai 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na mafundi wenzake mliofunga karakana leo.

Pumzika kwa amani, kaka, na kama tumekosea tarehe, tafadhali usirudi kutusahihisha.