Fwanka ya Kambo na Kidude Changu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi mbele, na asifiwe mara mbili na ninyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango.

Wengi mnanijua. Mimi ni Naomi, naimba sauti ya pili katika korali, na ni mjukuu wa Mama Kalenga, bibi yangu mzaa mama, ambaye kanisa zima linamwita Kambo, yaani Bibi. Asubuhi hii mmemwona akija kwenye Meza ya Bwana amevaa kikwembe, kitenge chake cha manjano. Amekula mkate, amekunywa kikombe. Kisha, badala ya kurudi kwa wamama wenzake, amepita katikati ya kanisa lote na kwenda kuketi kwenye benchi la nyuma. Nimesikia minong'ono. Mtu mmoja amesema, "Kambo amerudia tumbako yake." Hapana, ndugu zangu. Nipeni nafasi niwaeleze, kwa sababu mtu aliyestahili kuketi kwenye benchi lile nilikuwa mimi.

Wageni wetu huenda hawajui. Hapa kwetu, siku ya Meza, anayevuta au kunusa tumbako hasogei mbele. Anakaa nyuma mpaka ibada iishe. Hafukuzwi na mtu, anajipeleka mwenyewe. Na Kambo alijipeleka tangu mimi sijazaliwa.

Alijifunza fwanka, ile tumbako ya kunusa, akiwa msichana kule kando ya ziwa Tshangalele. Wanawake walikuwa wakipasua samaki mchana kutwa, na ili wasisikie ile harufu walinusa fwanka. Alipoolewa na kuhamia mjini alikuja nayo puani. Aliiotesha nyuma ya jiko, akaikausha, akaitwanga, akaiweka katika kibati cha zamani cha pomade ya kupaka. Aliomba juu yake, alifunga, aliacha wiki, akarudi. Lakini hakuificha hata siku moja! Siku ya Meza alikwenda benchi la nyuma, akakaa wima, kibati mapajani, na nyimbo zote aliziimba kwa sauti. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini hakiachi kile kibati nyumbani ili asogee mbele kama wengine. Aliniambia kwamba Bwana anakiona hata kikiwa nyumbani, kwa hiyo afadhali waje wote wawili.

Huyo ndiye aliyenilea. Sasa nisikieni mimi.

Mnajua jinsi mji wetu unavyomtazama msichana mwenye sigara. Akiiwasha barabarani, kabla haijafika nusu ameshapewa majina yote mabaya, na mama yake ameshapelekewa habari. Lakini kidude hiki kipya, hiki cha mvuke ambacho vijana wanakiita puff, nani alimwita mtu jina baya kwa ajili yake? Kina rangi kama kalamu ya mtoto. Hakina moto wala majivu, na kinanukia nanasi. Nilikutana nacho kwa rafiki yangu anayesuka nywele. Nilikuwa nimekaa chini yake tangu asubuhi, shingo inaniuma, akanipa nivute kidogo nisichoke. Nilivuta. Nikasema moyoni, hii si tumbako, tumbako inanuka.

Ndugu zangu, nilikitumikia kidude kile kama mtumwa. Nilikilaza chini ya mto. Nilipoamka, kabla ya kumwambia Mungu asante, mkono ulikitafuta. Wakati wa mazoezi ya korali nilitoka nje mara kwa mara, nikisema tumbo linanisumbua, hata mama mmoja mwenye huruma akaniletea majani ya kuchemsha, nikayanywa machungu yale mbele yake nikimshukuru. Sauti yangu ilianza kukatika katikati ya mstari. Na siku ya Meza, mimi huyu mwenye pumzi ya nanasi nilisogea mbele na kula mkate, na bibi yangu mwenye ukweli wake akanitazama kutoka nyuma akitabasamu, akijivunia mjukuu wake. Hilo tabasamu lilinichoma kuliko mahubiri.

Siku moja nilikuwa nyuma ya nyumba, naanika nguo, kidude kinywani. Nikageuka, Kambo yuko hapo na beseni lake. Ameuona mvuke wote.

"Naomi, ile kintu unavutaka ni nini?"

Ndugu zangu, uongo haukunihitaji niutafute. Ulikuwa umekaa tayari kwenye ulimi, maana niliwahi kuusikia kwa vijana wenzangu. Nikamjibu, "Ni dawa, Kambo. Inasaidiaka bantu kuacha fwanka."

Nilidhani atanung'unika na kwenda zake. Nilisahau ninasema na nani! Aliweka beseni chini. Akashika kichwa. Akaniuliza kama ni kweli, na kama dawa hiyo inafaa pia kwa mzee, na kwa nini sikumwambia mapema, mimi ninayejua shida yake. Machozi yalimtoka. Miaka yote hiyo alikuwa anangoja mlango, na mimi nilikuwa nimemchorea mlango ukutani.

Akanyoosha mkono. "Leta, mwana wangu. Minye nataka nikule mukate wa Bwana mbele ya kufa."

Ningeweza kusema kweli pale pale. Sikusema. Nilimpa, na siku iliyofuata nikajinunulia kingine.

Jioni hiyo hiyo Kambo aling'oa mmea wake wa tumbako nyuma ya jiko. Fwanka yote iliyokuwa katika kibati akaimwaga motoni, akakaa mbali asisikie harufu yake. Akaanza kuvuta kidude kwa utii, kama mtu anayemeza vidonge vya hospitali, asubuhi, mchana na jioni, na kila mara alitanguliza sala fupi. Kilimzungusha kichwa. Kilimkohoza mpaka akashika ukuta. Nilipomwambia apunguze alinigombeza, akasema dawa isiyo na uchungu haiponyi. Imani ile, ndugu zangu! Mimi niliyesoma sijawahi kuwa na nusu yake.

Akaenda mwenyewe kumwambia Pasta kwamba ameacha fwanka. Pasta alijua kuwa hajawahi kumdanganya, akamshika mikono, akasema Meza inayofuata ni yake. Wamama wakafurahi, wakamnunulia kile kikwembe cha manjano. Walikuja nyumbani kwetu pamoja na mshonaji ili ampime, wakicheka, wakiimba, na mimi nawapa viti, kidude changu kipya kimefungwa katika pindo la nguo.

Jumapili ikafika. Mnaikumbuka. Kabla ya mkate, Pasta akamwita Kambo atoe ushuhuda. Alisimama hapa hapa niliposimama. Akasimulia habari za samaki na fwanka na benchi la nyuma. Kisha akatia mkono kifuani, akatoa kidude, akakiinua juu mbele ya kanisa zima.

Niliwaona vijana wa korali wakiinamisha vichwa. Walikitambua. Wengine walikuwa nacho mfukoni.

Kambo hakuwaona. Alikuwa anatazama nyuma, kwenye benchi lake, alikokuwa amekaa Baba Kazadi, yule anayechimba madini upande wa Kakanda, ambaye sigara zimemkausha kifua. Akamwambia kwamba yeye aliyekaa naye pale miaka mingi hawezi kwenda mbele na kumwacha. Akamwita aje avute, apone, wasogee Mezani pamoja. Na Baba Kazadi, mtu mkubwa, mgumu, akasimama. Akaanza kuja, mkono mbele.

Hapo ndipo Bwana aliponikamata. Nilielewa kwamba uongo wangu umeondoka nyumbani kwetu na sasa unatembea kanisani, unakwenda kuingia katika kifua cha mgonjwa kwa jina la Yesu. Miguu ilinitoa kwenye korali. Sijui nilipitaje kati ya viti. Nilimfikia Kambo, nikakishika kile kidude mkononi mwake.

"Kambo, ile haina dawa. Ni tumbako tu. Minye njo navutaka. Nilikudanganya."

  Nilingoja kofi, nikalitamani. Kambo alinitazama, uso wake ukaanguka, nikaona umri wake wote. Mkate ulikuwa pale mezani mbele yake, karibu hata angeweza kuugusa. Wamama walianza kumwambia asogee, si kosa lake, hakujua. Pasta mwenyewe alisema asogee.

Alikataa. Alisema asubuhi hiyo amevuta tumbako, hata kama kwa kutojua, na sasa anajua. Akashika kikwembe chake kipya kisiburute chini, akarudi benchi la nyuma kwa mwendo wake ule ule. Akaketi. Mimi nilibaki nimesimama katikati kama mti uliopigwa na radi, sina korali, sina bibi, sina uso. Ndipo nikasikia anapiga ubao wa benchi kando yake kwa kiganja.

"Naomi. Kuya wikale hapa. Tutamungojea Bwana pamoja."

Ndugu zangu, wokovu wangu ulianzia hapo. Niliketi kando yake, akanishika mkono, na Meza ikapita mbele yetu. Baba Kazadi akaketi upande wangu wa pili. Nililia mpaka mwisho wa ibada, na Kambo aliimba.

Msidhani ilikuwa rahisi baada ya hapo. Muuguzi wa kituo cha afya alitueleza kwamba ile nikotini iliyomo katika fwanka imo pia katika kidude, na kwamba nanasi ni nguo tu iliyovishwa. Kambo alitaka kukitwanga katika kinu chake cha fwanka. Nikamzuia, nikamwambia kina betri, kinaweza kulipuka. Akasema, "Hata mu kufa kiko na matata." Tukavipeleka vyote viwili kwa fundi wa simu, akaona namna ya kuviharibu.

Kisha tukaanza kuteseka, bibi na mjukuu katika nyumba moja. Pua yake ilitiririka, kichwa changu kiliuma. Tuligombana kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya sufuria, kwa sababu jirani amecheka. Siku moja nilimkuta ameshika kile kibati kitupu, anakinusa, na yeye akanikuta siku nyingine nimesimama mbele ya duka la vidude bila sababu. Hatukuchekana. Hamu iliponikamata, aliniita twende kuteka maji, na tukienda tuliomba. Ilipomkamata yeye, nilimpa tangawizi atafune, nikamwimbia. Baba Kazadi alikuja jioni baada ya kazi, tukanywa munkoyo wa Kambo, ile togwa yake ya mahindi, tukaelezana ukweli wa siku hiyo. Anayeanguka anasema. Baba Kazadi alianguka mara kadhaa. Alisema kila mara, na kila mara Kambo alimsogezea kiti.

Polepole Bwana akatufungua. Sijui ni asubuhi gani niliamka nikasema asante kabla ya mkono kutafuta kitu. Najua tu kwamba ilifika, na sauti yangu mmeisikia leo.

Na Kambo hakutosheka na sisi. Alikwenda na wamama kwa yule mwenye duka karibu na shule, anayepanga vidude kando ya bonbon, peremende za watoto. Hakumtukana. Aliketi kwenye kreti lake la soda akamsimulia habari yake yote, mpaka wateja wakajaa kusikiliza. Mwenye duka akaviondoa mbele ya watoto, akaahidi hatamwuzia mwenye uniforme ya shule. Wengine bado wanauza, na serikali ina kazi yake. Lakini duka lile moja lilishindwa na mwanamke mzee asiyejua kusoma hata neno moja la Kifaransa lililoandikwa kwenye paketi.

Leo tumesogea. Baba Kazadi, mimi na Kambo, tumekula mkate. 

Sasa mnataka kujua kwa nini amerudi nyuma. Hata mimi nilimwuliza asubuhi tulipokuwa tunavaa, aliponiambia kwamba ndivyo atakavyofanya. Nilimwambia, Kambo, umengoja maisha yote kutoka kwenye benchi lile. Akanijibu huku anafunga kitambaa kichwani:

"Mwenye atakuya kisha, ataikala pale na nani?"

Ndugu zangu, sina mahubiri. Labda wewe una paketi mfukoni. Labda wewe, kijana, una kitu kisicho na moshi, kinachonukia vizuri, na hakuna anayejua. Yesu aliyenitoa mimi hajachoka, mwamini. Huhitaji kuja huku mbele. Geuka tu, tazama pale karibu na mlango, kwenye kikwembe cha manjano. Amekwisha kusogea pembeni, na mkono wake uko juu ya ubao.