Tereza Chidawali, Mlezi wa Panya Wenye Kinga ya Binadamu

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Kondoa, Mtera na hapa mjini, leo tunamkumbuka Tereza Chidawali. Amezikwa Jumamosi kijijini kwao, Chamwino. Alikuwa na miaka hamsini na miwili.

Tereza alilea panya. Ndiyo, panya. Miaka kumi na minne aliwatunza katika maabara moja hapa Dodoma. Hawakuwa panya wa ghalani. Walizaliwa na vinasaba vya binadamu, vile vinavyoongoza kinga ya mwili, ili dawa ijaribiwe kwao kabla haijaingia kwa mtu. Majirani walimcheka. Binti yake, Anitha, anasema mama alirudi nyumbani na maranda ya vizimba vya panya kwenye nywele, akisimulia nani kazaa na nani hakula.

Mwaka juzi ikaja dawa ya baridi yabisi, ugonjwa unaofanya kinga ya mwili ishambulie viungo vya mwili huohuo. Abeli, mdogo wake Tereza, anaugua ugonjwa huo. Ni fundi cherehani. Vidole vimepinda, mkasi haushikiki. Jina lake lilikuwa la nne kwenye orodha ya watu wa kwanza kuijaribu.

Panya wa kawaida walipewa dawa, wakabaki wazima. Wale wenye vinasaba vya binadamu, siku ya tatu waliacha kujenga viota. Manyoya yakasimama. Wawili wakafa. Mkuu wa kazi akasema ni baridi ya Julai, Tereza aandike hivyo. Tereza akaandika alichokiona. Jaribio likarudiwa katika chumba chenye joto. Kati ya panya kumi na wawili, wakafa kumi na mmoja.

Dawa ikasimamishwa. Tereza alikwenda mwenyewe kumweleza Abeli.

"Dada," Abeli alimjibu, "umewahurumia panya. Mimi hukunihurumia."

Tangu hapo hakusema naye tena. Kila Jumapili baada ya ibada, Tereza alipita na unga wa uwele. Alisalimu akiwa mlangoni. Abeli alinyamaza. Unga ulipokewa na mkewe, Loisi. Ikawa hivyo miezi kumi na tisa.

Jumatano iliyopita shinikizo la damu lilimwangusha Tereza kazini. Hakuamka.

Msibani nilimkuta Abeli ameketi, magongo yake mawili kando. Nilimuuliza kama anaamini dada yake alimwokoa.

"Daktari anasema ile dawa ingeniua. Huenda. Mimi ninachokijua ni maumivu, kila siku. Dada alinisalimu Jumapili zote zile. Sikumwitikia hata moja."

Anitha, pole sana. Abeli, Loisi na ukoo wote wa Chidawali, poleni. Mungu awashike mkono.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Aliyetunyima tulichokitamani, tuliwahi kumsikiliza atueleze kwa nini? Kama yupo anayekusalimu nawe umemkazia shingo, mwitikie leo, angali anasikia.