Nyumba ya Chaki Isiyokuwa na Mlango

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mama Chaki atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku sita katika Idara ya Mipango Miji. Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe. Tulipoihakiki, tuliokosea tulikuwa sisi.

Alianza kama karani wa masjala, akapanda ngazi moja moja mpaka akawa Afisa Mkuu wa Mapitio ya Sera. Kwa wasioijua kazi hiyo, jiji lina sera ya makazi na maendeleo endelevu, inayosema nyumba iwe na ukubwa gani, mti ukatwe lini na maji ya mvua yaelekee wapi. Sera hiyo hupitiwa upya kila baada ya miaka mitano. Mapitio yenyewe huchukua miaka sita. Ndiyo maana Mama Chaki amechelewa kumaliza kazi kwa miaka thelathini mfululizo, ingawa hajawahi kuchelewa kufika hata siku moja.

Nimekaa naye meza kwa meza miaka kumi na tisa, mimi nikichora ramani, yeye akizisahihisha kwa wino mwekundu. Koma ikipotea ukurasa wa mia mbili, huistukia kama mama anavyomstukia mtoto aliyenyamaza chumba cha pili. Wala kwenye sheria hana cha ndugu wala jamaa. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alipojenga banda la kuku nusu mita tu kutoka mpaka wa jirani, Mama Chaki alimwandikia notisi ofisini, akaibeba mwenyewe hadi nyumbani, akamsainisha, kisha akaingia jikoni kupika. Mwalimu akaomba aongezewe muda. Ombi lilikataliwa mezani kabla sahani hazijaondolewa. Kuku walilala sebuleni wiki mbili, na mwalimu anaapa kwamba jogoo hakuwahi kuwa yule yule tena.

Chaki zilizompa jina zinatoka kwa mwalimu huyo huyo. Mama Chaki haamini namba mpaka aikanyage. Rasimu ikisema njia ya waenda kwa miguu iwe mita moja na nusu, ataichora sakafuni ukumbini na kutupitisha wawili wawili, mmoja akiwa amefungua mwavuli. Mpaka leo nina alama ya mwavuli wa mhasibu shavuni.

Lakini siku itakayosimuliwa na wajukuu zetu ni ile ya Kifungu cha 14, miaka mitatu iliyopita. Rasimu ilipendekeza nyumba ya gharama nafuu, ya familia ya watu sita, iwe na mita za mraba kumi na nane. Jiji lilikuwa limetenga kiwanja cha nyumba mia moja na ishirini, na waombaji walikuwa wakingoja kifungu kipite. Namba arobaini na moja kwenye orodha alikuwa Dada wa Chai, mhudumu wetu, aliyekuwa akiishi chumba kimoja na mumewe, mkwewe na watoto watatu. Kifungu kikipita kama kilivyo, angehama kutoka kwenye kijichumba kwenda kwenye kijichumba kipya.

Mama Chaki alifika alfajiri akaichora nyumba nzima sakafuni, mita tatu kwa sita. Kamati ilipofika, watu sita, aliwaingiza ndani, akaufunga mstari wa mwisho nyuma yao na kuwagawia familia. Mwenyekiti akawa bibi mwenye maumivu ya magoti. Mkurugenzi akawa baba, mkuu wa afya akawa mama. Mwanasheria na mhasibu wakawa mapacha wa kitanda kimoja, na mhandisi wa barabara, mtu mwenye kilo mia na kumi, akawa kitinda mimba. Aliambiwa atalala chini ya meza ya ukumbi iliyokuwa humo ndani. Alijaribu, na meza ikanyanyuka naye.

Dakika kumi baadaye mkurugenzi alitaka kutoka, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba nyumba haina mlango. Mama Chaki, naye akiwa ndani, alijishika kichwa akasema uzee huo.

Mtu mwingine angeuvuka mstari tu. Hawa walikuwa wanakamati wa mipango miji. Mwanasheria alikumbusha kwamba ukuta uliowasilishwa mbele ya kamati hauvukwi mpaka mchoro wa marekebisho upitishwe, na kwamba mchoro haupitishwi kabla tangazo halijabandikwa kwa muda wa saa tatu ili majirani watoe pingamizi. Hakuna aliyebisha. Fomu ililetwa na Dada wa Chai kupitia dirisha la chaki, chai ikapita hapo hapo, na tangazo likabandikwa kwenye kiti.

Saa ya kwanza walicheka. Saa ya pili mapacha waligombana kwa sababu ya kiwiko, na bibi akamwita kitinda mimba mtoto asiye na adabu. Saa ya tatu kila mmoja alikuwa amempa mwenzake mgongo. Muda ulipotimia, kwa mujibu wa kanuni, mwenyekiti alimuuliza jirani pekee aliyekuwa nje ya nyumba kama ana pingamizi. Dada wa Chai aliliweka birika chini.

"Mlango sina shida nao, wakubwa zangu. Shida yangu ni nyumba. Nyie mmekaa saa tatu. Mimi nina mwaka wa tisa."

Walipitisha Kifungu cha 14 pale pale, wakiwa ndani ya kuta: mita za mraba thelathini na sita, na ghorofa moja iongezwe ili idadi ya nyumba isipungue wala uwanja wa watoto usimegwe. Baada ya hapo ndipo walipopitisha mlango.

Mwezi uliopita Dada wa Chai alihamia. Mama Chaki alikwenda kumpongeza akiwa na zawadi ya sufuria na futi kamba. Alipima vyumba vyote, akakuta jiko limepungua sentimita nne, akatoa kalamu aandike barua ya malalamiko. Kisha akamwona mtoto wa mwisho akifanya kazi ya shule kwenye meza yake mwenyewe, chini ya dirisha, akaketi juu ya ndoo na kulia. Barua aliiandika kesho yake.

Juzi tulimsaidia kusafisha droo. Chini kabisa palikuwa na mchoro wa ile nyumba ya chaki, wenye tarehe ya siku moja kabla ya kikao. Dirisha lipo, rafu zipo, vipimo vyote vipo. Pembeni, kwa mwandiko wake ulionyooka, ameandika: "Mlango: baada ya kifungu kupita." Alituona tukisoma. Akauliza ni nani kachukua kifutio chake.

Ahsante, mama, kwa kila koma. Mwalimu akutunze, na kuku wasisogelee mpaka. Tunakutakia mapumziko yenye nafasi ya kutosha kunyoosha miguu. Na kwenye sakafu ya ukumbi tumekuchorea mlango, upana sentimita tisini kama sera inavyotaka. Ni wako, na haufungwi.