Maisha ya Mama Masjala na Ukurasa wa Arobaini na Moja

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Masjala, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, baadaye chuo cha uhazili, na tarehe 1 Februari 1971 akaajiriwa katika masjala ya Wizara ya Afya, alikokaa miaka arobaini bila kupotewa na faili hata moja, jambo alilojisifia mpaka akatuchosha. Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa na fundi cherehani, baba yetu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2009 ilipita mikononi mwake rasimu ya mkakati wa taifa wa kuzuia na kuhudumia ugonjwa wa kusahau, akaisoma yote, kama alivyosoma kila kisichomhusu, ikazunguka meza za wakubwa, ikarudi imeandikwa "Ihifadhiwe", naye akaihifadhi, akabaki na nakala nyumbani.

Maradhi yalianza 2017, alipofunga kwa kamba na kuzipa namba karatasi zote za nyumbani, pamoja na vipande vya suruali za wateja, mzee akacheka, akasema sasa watu watavaa mafaili. Hakuna aliyecheka alipoanza kudamka kwenda kazini, miaka sita baada ya kustaafu. Daktari wa zahanati alimtazama dakika tatu, akasema ni uzee tu, watu wakanong'ona kwamba ni wazimu, na mwaka 2021 binti yake mkubwa, mwalimu, aliyeogopa macho ya watu kuliko alivyomwogopa Mungu, akanunua kufuli. Kila asubuhi kwa miaka miwili mama aligonga mlango, akiomba kwa adabu afunguliwe asichelewe kazini. Nimonia ilimkuta humo humo ndani, akafariki hospitalini tarehe 9 Septemba 2023.

Juzi, akitafuta vyeti vya kuandikia historia hii, binti huyo aliikuta ile nakala. Ukurasa wa 41 unasema mgonjwa asifungiwe, asindikizwe anapotaka kutembea, na pembeni mama ameandika kwa penseli, "Kweli kabisa."

Familia inamshukuru muuguzi wa wodi namba nne, wa kwanza kutuambia kwamba huu ni ugonjwa na una jina, majirani mliomrudisha nyumbani mara nyingi bila kumcheka, na wenzake wa wizarani kwa shada lenu kubwa, tumelipokea, lakini mkakati mmeukalia miaka kumi na minne, na hasira za binti huyu anayewasomea hazijui zianze na nyinyi au na yeye mwenyewe.

Mama, wewe pumzika kwa amani. Sisi tuliobaki tusipumzike.