Kinywa cha Tatu kutoka Kushoto

LEONIDA: Haloo? Haloo? Huyo ni Mama Penina?

WILIBRODI: Mama Penina anakaanga maandazi, mikono imejaa unga. Unaongea na katibu muhtasi wake. Taja jina, kijiji ulikozaliwa na sababu ya kuisumbua ofisi siku ya Jumamosi.

LEONIDA: Wili, acha ujinga, vocha yangu—

WILIBRODI: Jina?

LEONIDA: Leonida. Endamarariek. Aliyekuwa anakufuta kamasi.

WILIBRODI: Imethibitishwa. Shikamoo dada.

LEONIDA: Marahaba. Umepewa ruhusa ya kutoka au umeruka ukuta?

WILIBRODI: Ruhusa halali kabisa, ya kwenda kuungama. Padri amesafiri, kwa hiyo nimeungama kwa Mama Penina. Malipizi yangu ni maandazi mawili.

LEONIDA: Hutaacha wewe. Mbona sauti inakwaruza hivyo?

WILIBRODI: Nimesimama juu ya kreti la soda. Hapa dukani mtandao unapatikana juu ya kreti tu, nikishuka unanipoteza. Nani amekufa?

LEONIDA: Hakuna aliyekufa.

WILIBRODI: Umempigia Mama Penina mara mbili ndani ya wiki hii, unanitafuta. Wewe hunitafuti hata siku ya Krismasi.

LEONIDA: Nataka kukuuliza kitu. Unijibu bila utani.

WILIBRODI: Sharti gumu. Haya.

LEONIDA: Yule daktari wa meno aliyekuja shuleni kwenu mwaka jana, mwenye kamera—

WILIBRODI: Daktari Cheka! Amerudi? Uko naye hapo?

LEONIDA: Hapana, hapana. Nauliza tu.

WILIBRODI: Dada, kwa hilo usinichezee. Nikimaliza shule nina usaili kwenye ile lodge ya ukingoni mwa kreta. Mapokezi. Unajua meneja alivyonifanya nilipopeleka maombi? Kaniambia, "Kijana, Kiingereza chako safi, sasa cheka." Nikacheka. Akageukia dirishani.

LEONIDA: Wili—

WILIBRODI: Nikamweleza kwa heshima zote kwamba huu si uchafu. Ni maji ya kisima, yana floraidi, yanapaka meno kahawia tangu utotoni, na ukiyapiga mswaki unachoumiza ni fizi. Akasema mgeni aliyetoka safari na vumbi lake hana muda wa kusikiliza mhadhara wa maji. Nirudi nikishashughulikia mdomo. Sasa nani wa kuushughulikia kama si Daktari Cheka?

LEONIDA: Alisema atarudi?

WILIBRODI: Kwa mdomo wake mweupe. Alisema, "Leo napiga picha, nikirudi nakuja na dawa ya kung'arisha meno." Nimeshaanza kufanya mazoezi ya kucheka mbele ya dirisha la maabara. Moloimet, jirani yangu wa bwenini, anasema natisha, lakini napiga hatua.

LEONIDA: Siku ile mlipewa nini?

WILIBRODI: Mswaki. Kila mtu mmoja. Moloimet wa kwake anapigia viatu rangi.

LEONIDA: Mswaki basi? Hamkupakwa kitu, hamkusafishwa, hata mmoja wenu hakuwekwa—

WILIBRODI: Na soda. Mbona unanihoji kama askari? Haloo? Nimeshuka kwenye kreti?

LEONIDA: Nipo. Na kabla ya hizo picha, nani aliwauliza kama mnakubali?

WILIBRODI: Hilo lilifanyika kwa taratibu zote. Paredi. Mkuu wa shule kasimama, kakohoa: "Wanangu, daktari anaomba kuwapiga picha za vinywa kwa manufaa ya sayansi. Mnakubali?" Shule nzima: "Ndiyooo mzee!" Mimi, kama kiranja wa kengele, niliitikia kwa besi.

LEONIDA: Kuna aliyesema hapana?

WILIBRODI: Paredini? Dada, umesoma bweni wewe. Hapana ya paredini umewahi kuisikia? Juzi katuuliza kama tunafurahia uji bila sukari. Tumefurahia. Akiuliza kama tunakubali kuchinjwa sisi badala ya ng'ombe wa mahafali, tutaitika kwanza, halafu ndio tuulizane kasemaje.

LEONIDA: Na mama? Kuna mtu alikwenda nyumbani kumuuliza mama?

WILIBRODI: Kuhusu kinywa changu? Mama anajua nina tumbo tu.

LEONIDA: Wili, nilisema bila utani.

WILIBRODI: Hakuna aliyekwenda. Sasa wewe sema. Kuna nini?

LEONIDA: Sitakiwi kukwambia.

WILIBRODI: Ndiyo umepiga mara mbili ili usiniambie?

LEONIDA: Sikiliza. Sisi tunaofundisha udaktari wa meno huku chuoni tunaletewa makala za utafiti kabla hazijachapishwa kwenye jarida. Unasoma, unasema kama kazi ni ya kweli, na kama watu waliotumiwa walitendewa haki. Jina la mwandishi linafichwa, la msomaji nalo linafichwa. Na unachokisoma humwambii mtu.

WILIBRODI: Kama mtihani wa taifa. Ila ule huwa tunaambiwa.

LEONIDA: Wilibrodi!

WILIBRODI: Samahani, limeniponyoka. Endelea.

LEONIDA: Basi, ndiyo hivyo.

WILIBRODI: Ndiyo hivyo nini? Dada. Umeletewa ya Daktari Cheka.

LEONIDA: Sijasema.

WILIBRODI: Hujasema, ila unapumua kama siku ile ulipovunja sufuria la shangazi. Na kama jina limefichwa, umejuaje ni sisi?

LEONIDA: Kuna picha. Vinywa vitupu, bila macho, bila pua.

WILIBRODI: Vinywa vya kahawia vimejaa kuanzia hapa mpaka Engaresero.

LEONIDA: Cha tatu kutoka kushoto, jino la mbele limemeguka pembeni. Wili?

WILIBRODI: Mpini wa pampu.

LEONIDA: Mpini wa pampu. Ulikupiga mdomoni pale kisimani, kipande nikakiokota mimi kwenye tope, wewe unalia. Hilo jino nalijua.

WILIBRODI: Nimetoka kwenye jarida? Mama Penina! Nimetoka kwenye—

LEONIDA: Nyamaza! Usimwambie mtu!

WILIBRODI: Nimenyamaza. Anadhani nimeposwa. Dada, mpe maksi nzuri.

LEONIDA: Unasemaje?

WILIBRODI: Mpe tisini na tano. Ukimfelisha atanuna, na akinuna harudi. Ukimpitisha anapata moyo, anapakia dawa, anakuja. Mimi nacheka, meneja haangalii dirishani. Kila mtu amefurahi.

LEONIDA: Haiendi hivyo.

WILIBRODI: Basi themanini. Usimwonee mtu, alikuja mpaka huku na vumbi lote lile.

LEONIDA: Siwezi kumpitisha wala siwezi kumfelisha. Wewe ni ndugu yangu, na umo ndani. Ukimjua aliyemo, unatakiwa kuirudisha kwa mhariri.

WILIBRODI: Ukirudisha anapewa nani?

LEONIDA: Mtu mwingine. Asiyelijua jino.

WILIBRODI: Na huyo atapitisha?

LEONIDA: Imeandikwa vizuri, Wili. Vizuri mno. Ningekuwa sikujui, ningepitisha na mimi.

WILIBRODI: Kama linakukera, si umwambie mhariri hayo ya paredi?

LEONIDA: Nitamwandikia. Yuko Ulaya, paredi haijui. Atamuuliza mwandishi, mwandishi ataonyesha sahihi ya mkuu wa shule kwamba wote walikubali. Na kweli mliitika. Halafu mkuu wa shule atataka kujua nani ametoa maneno nje.

WILIBRODI: Na shule nzima, mwenye dada wa meno ni mmoja.

LEONIDA: Ni wewe.

WILIBRODI: Na mtihani sijafanya. Basi usiandike. Hapana, andika. Ngoja. Ukiandika mimi nafukuzwa, usipoandika yeye anapita na wewe roho inakusuta... Dada, mkubwa ni wewe. Tunafanyaje?

LEONIDA: Sijui.

WILIBRODI: Umesoma miaka yote hiyo, na jibu ni sijui?

LEONIDA: Ndiyo. Kila nikiifungua, nikifika kwenye ile picha, naifunika na kiganja.

WILIBRODI: Kama unavyofunika mdomo ukicheka.

LEONIDA: Hata darasani nafunika. Naweka mkono hivi, wanafunzi wanadhani nafikiri.

WILIBRODI: Nilidhani wa kwako waliung'arisha huko huko.

LEONIDA: Nani ang— (mikwaruzo)

WILIBRODI: Haloo? Dada? Kuna kitu kinalia.

LEONIDA: Vocha inaisha. Wili, huyo daktari, usi—

WILIBRODI: Usihofu, siri naitunza. Anayejua nani amefungia mbuzi kwenye ofisi ya mkuu ni mimi peke yangu.

LEONIDA: Sio hilo. Sikiliza, kwenye makala ame—

WILIBRODI: Mungu wangu, saa! Chakula cha mchana! Mgonga kengele ni mimi, shule nzima itakufa njaa!

LEONIDA: Wili, dakika moja, kuhusu dawa—

WILIBRODI: Enhee, dawa! Yeyote utakayemrudishia hiyo kazi, mwambie cha tatu kutoka kushoto anasalimia sana. Amkumbushe daktari, dawa ije kabla ya usaili. Mimi namsubiri, mdomo nimefunga. Haya dada, nashuka kwenye kre—

(Mlio mrefu.)

LEONIDA: Usimsubiri, Wili. Ameandika mlishatibiwa. Wote. Ameandika mlipona na mnafurahi. Haloo?