Mama Zima na Pipa Lililodaiwa Kutoa Umeme

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Zima, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akaendelea na sekondari ya wasichana, na mwaka 1984 akahitimu stashahada ya upigaji picha za eksrei. Hakuwahi kuchelewa darasani. Sisi tuliolala naye chumba kimoja tuliamshwa kwa kuvutwa shuka.

Alianza kazi hospitalini, na mwaka 1992 akawa mkaguzi wa mionzi. Kifuani alivaa beji iliyorekodi mionzi iliyomfikia mwilini, na mkononi alishika kipimo kinacholia tiki-tiki kikikuta mionzi. Waliojaribu kumlainisha kwa soda walijibiwa, "Kipimo hiki hakina kiu, wala hakina shemeji."

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1988 na fundi umeme, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Jina la Mama Zima alilipata mwaka 2016 kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Shemeji huyo na washirika wawili walikuwa na pipa la chuma walilodai linaunganisha atomi bila moto mkali, kama jua lililopoa, na kutoa umeme usiokwisha. Waliwaita ndugu karakanani wachangie akiba zao, na walitaka sahihi ya marehemu, kama mkaguzi, kuthibitisha kwamba pipa linafanya kazi. Kipimo kilipokaribia pipa, kikalia. Watu wakapiga makofi, wakidhani mionzi hiyo ni ushahidi kwamba atomi zinaungana.

"Zimeni kwanza," alisema.

"Shemeji nawe! Si umesikia mwenyewe kinavyolia?"

"Nimesikia. Zima, na waya uchomoe."

Pipa likazimwa. Kipimo kikaendelea kulia vilevile.

"Kumbe linachapa kazi hata likilala," alisema, akafungua kifuniko. Chini yake palikuwa pamebandikwa uso wa saa ya kale, wenye ile rangi ya kung'aa gizani inayotoa mionzi. Ulipoondolewa na pipa kuwashwa tena, kipimo hakikuonyesha zaidi ya kile kinachopatikana katika chumba chochote. Aliwaambia ndugu kwamba kama atomi zingekuwa zinaungana humo kwa kiasi kilichodaiwa, wote waliosimama pale wangetoka wamebebwa. Hakutia sahihi. Mpaka leo hakuna aliyekiri kuubandika uso ule.

Marehemu aliishi na kisukari tangu mwaka 1999. Mwaka 2021 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu hospitalini hadi alipofariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2023.

Tunautaja ugonjwa huu waziwazi kwa sababu maalumu. Juzi washirika wale wawili walikuja msibani, wakajitolea kubeba gharama zote mradi wasifu huu useme ameuawa na mionzi ya pipa lao. Hesabu yao ni nyepesi: mtambo unaoua ni mtambo unaofanya kazi. Mumewe aliwajibu, "Mke wangu aliwakatalia akiwa hai, mnataka awakubalie akiwa maiti?" Beji aliyovaa siku ile karakanani ilipimwa maabara mwezi uleule, na haikukutwa na mionzi iliyozidi kawaida. Kilichomwondoa ni kisukari na figo.

Ameacha mume, binti, mtoto wa kiume, wajukuu wanne, sisi wadogo zake watatu, na shemeji yake, ambaye yupo hapa leo na amesikia.

Alale kwa amani, wala asibebeshwe kifo kisicho chake.